Kipindi cha Kisasi

Wanafunzi walimwita Mama Irabu na wakadhani hajui. Alijua tangu wiki waliyoanza. Na jina lenyewe alijitafutia, maana hakuna mtoto aliyewahi kuandika neno la Kiarabu ubaoni akarudi kukaa bila kuweka irabu, zile alama ndogo zinazokaa juu na chini ya herufi, zinazomwambia msomaji hapa soma a, hapa soma i, hapa soma u.

"Umeiacha uchi hiyo," alikuwa akisema, akiionyesha herufi kwa rula. "Ivalishe."

Darasa linacheka, mtoto anavalisha, kipindi kinaendelea.

Alifundisha dini katika shule ya sekondari, kipindi kimoja kila Alhamisi, kwa kujitolea. Saa hiyo wanafunzi wa dini nyingine walibaki madarasani na mwalimu wao, Waislamu wakahamishiwa maabara kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa wazi. Walikaa kwenye viti virefu visivyo na mgongo, miguu ikining'inia, mbele yao masinki ambayo mabomba yake yalikauka zamani. Chumba kilinuka dawa za kemia na vumbi la chaki. Viti vile virefu magoti ya Mama Irabu hayakukubali kuvipanda, kwa hiyo alifundisha amesimama, na Alhamisi jioni alivua viatu kama mtu anayemenya kitu kilichoiva sana.

Shule yeye hakwenda. Babake alikuwa mwalimu wa madrasa, na ulipofika wakati wa kupeleka watoto shuleni, kaka zake wawili walinunuliwa kaptula na mikoba, yeye akaambiwa abaki na babake madrasani awashike watoto wadogo wasilie. Akawashika. Huku akiwashika akajifunza herufi za Kiarabu, mpaka akawa anaandika hata Kiswahili kwa herufi hizo, haraka kama mtu anavyosema. Hizi herufi za magazeti na mabango alizisoma moja moja, kama anayechambua mchele. Kaka zake leo wote wana ofisi, na wote humwambia, "Dada, wewe ndiye uliyebahatika, ulipewa elimu ya akhera." Hulisema hilo huku wakipapasa mifukoni kutafuta funguo za gari.

Chakula chake kilitoka kwenye cherehani iliyokaa kibarazani kwake, ambako alishona na kuziba sare za shule. Mume alikuwa naye. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na shati safi, na usafi wa shati lile ulitoka kwenye mikono ya nani, hakuna aliyeuliza. Akapata kazi mji mwingine. Mwanzo alikuja kila mwisho wa mwezi, kisha kila sikukuu, kisha akawa haji ila sauti yake kwenye simu. Halafu jioni moja simu ikalia mlio wa ujumbe. Binti yao, ambaye wakati huo alikuwa bado anasoma, alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Mama, baba ametuma ujumbe!"

"Nisomee."

Mtoto akasoma salamu kwa furaha, akanyamaza.

"Endelea."

"Mtandao unasumbua, mama."

"Mtandao unasumbua macho? Soma, mwanangu."

Akasoma. Aliisoma talaka ya mamake kwa sauti ile ya kusomea insha mbele ya darasa, neno kwa neno, na pasi ikaunguza kola bila mmoja wao kuinusa.

Mama Irabu alikwenda kwa sheikh na simu mkononi. Sheikh akavaa miwani, akasoma, akampigia mwanamume palepale. "Maneno haya umeandika wewe? Na ulikusudia?" Sauti ikajibu, "Nimeandika mimi, sheikh, na nilikusudia. Samahani, nina mteja hapa." Basi. Ndoa ya ujana wake wote ikavunjika mteja akisubiri jokofu lake.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja. Samehe, dada. Samehe upate radhi. Samehe usije ukaugua presha. Wenye kusema hivyo walikuwa watu ambao hawajafanyiwa kitu. Yule binti aliolewa mbali, nyumba ikabaki na cherehani. Mtaani Mama Irabu akawa yule aliyeachwa kwa simu. Wanawake waliokuja kushonesha walimwangalia kwa huruma ya kuchungulia, ile inayotafuta kama kuna habari mpya. Mahali pekee ambapo aliingia watu wakasimama palikuwa pale maabara. Hilo aliling'ang'ania kuliko alivyowahi kung'ang'ania mume.

Kwa hiyo siku mkuu wa shule alipomsimamisha kwenye ujia, aliifikiria maabara kabla hajaambiwa kitu. Mkuu alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa utani. Nyuma yake mafundi walikuwa wanatoa madawati mabovu, wakiyaburuta sakafuni.

"Mama, wizara wameleta mada mpya ya kipindi cha dini," mkuu alisema, akipaza sauti. "Na kila anayefundisha bila cheti atakuja mkaguzi amsikilize darasani, ndipo waamue kama anaendelea. Kwetu anakuja Alhamisi ijayo."

"Wakiamua siendelei?"

"Watatuletea mwenye cheti. Mimi kwangu ungefundisha mpaka paa hili lituangukie, na kwa ninavyoliona si siku nyingi."

"Mada yenyewe ni ipi?"

"Uislamu katika dunia ya kisasa!" mkuu alipiga kelele, na dawati likaangukia mguu wa fundi, na fundi akatoa neno lisilofaa shuleni, na mkuu akageuka kumshughulikia.

Mama Irabu alikuwa ameshika boksi la chaki. Akaiandika mada juu ya kifuniko chake, kwa herufi zake, amesimama, mawazo yakiwa kwenye ile habari ya cheti. Akaandika haraka. Na yeye, yeye aliyewarudisha ubaoni watoto wa watu kwa sababu ya alama moja, hakuweka irabu hata moja.

Hakukigusa kile kifuniko mpaka ulipofika wakati wa kujiandaa. Akakaa kwenye cherehani, akasoma. Neno la mwisho lilikuwa uchi. Ukiweka kijistari juu ya herufi yake ya mwisho, linasomeka kisasa. Ukikiweka chini, linasomeka kisasi. Angejiuliza kidogo angekumbuka mdomo wa mkuu ulivyofunguka. Hakujiuliza. Alisoma kisasi, na akaona kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, watu wa wizara wamekaa mahali wakamfikiria yeye.

Hakuwahi kujiandaa kwa somo lolote kama alivyojiandaa kwa hilo. Aya zinazohusu kulipa na kusamehe alizijua kwa moyo tangu utoto, ila tangu ule ujumbe alikuwa akizipita upesi, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya anayemdai. Sasa akarudi akaingia ndani yake moja baada ya nyingine, sare za watu zikilala bila vifungo.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, mdogo kuliko alivyomtazamia, hijabu ya kijivu, viatu vya kimyakimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Usihangaike na mimi. Fanya kama sipo."

Akapanda kiti kirefu cha nyuma, akaweka mkoba wake ndani ya sinki kavu, akafungua kalamu. Kufanya kama hayupo, nani angeweza?

"Leo tuna kisasi," Mama Irabu alianza.

Vichwa vikageukiana. Aliviona, akadhani ni woga wa mkaguzi.

Akasimulia. Akasema zamani mtu mmoja akiuawa, jamaa zake walikuwa wakiua kumi. Dini ikaja ikachora mstari: jicho kwa jicho, wala si ili watu wapate hamu ya kutoboana macho, ila ili mwenye jicho moja lililoharibiwa asichukue mawili. Akasema Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba malipo ya ubaya ni ubaya mfano wake, na anayesamehe akasuluhisha, ujira wake uko kwake Yeye.

"Tazameni hapo vizuri. Hakusema aliyelipa kwa kiasi kilekile ana dhambi. Alisema aliyesamehe ana ujira. Watu wanaruka nusu ya kwanza wanakukimbizia nusu ya pili, hasa wakiwa wao ndio waliokukosea."

Mvulana mmoja mchekeshaji akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo aliyeniibia kalamu nimwibie kalamu?"

"Wewe una kalamu ya kuibiwa? Kila Alhamisi unaazima."

Wakacheka, na Mama Irabu akahisi miguu imepungua uzito. Ndipo msichana wa mbele mwenye miwani, yule asiyevumilia kosa hata la mdudu, akasimama.

"Samahani, mwalimu. Asubuhi mstarini mkuu alitangaza mada ni kisasa. Sio kisasi."

Mama Irabu akaliona tena dawati likiuangukia mguu wa fundi, akauona na mdomo wa mkuu. Kutoka pembeni mtu akanong'ona, "Irabu." Mwingine, kwa sauti ya kukabwa na kicheko, akamalizia, "Mwalimu, umeiacha uchi!"

Walicheka mpaka viti vikagongana. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watoto walioona mwenye rula amepigwa na rula. Lakini kicheko ni kicheko. Nyuma kule mkaguzi hakucheka. Aliandika.

Mama Irabu akashika ukingo wa sinki. Joto lilimpanda shingoni, halafu likapita, na baada yake ukaja uchovu tu, ule wa mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa nyumba siyo.

"Kweli," alisema. "Nimeiacha uchi mwenyewe. Haya, kisasa. Simu zenu, mikopo yenu ya riba, hayo mambo yenu. Nani ana swali la kisasa?"

Kisha mkono ukapanda mstari wa nyuma, karibu na mkaguzi. Alikuwa msichana ambaye kwa muda wote hakuwahi kuuliza kitu, mrefu, mwenye kukaa amejikunja ili asionekane mrefu.

"Mimi nina la kisasi, mwalimu. Ila ni la kisasa vilevile."

"Sema, mwanangu."

"Ni la rafiki yangu." Darasa likaguna kidogo, wote walikuwa wanamjua huyo rafiki. "Kuna mvulana walikosana. Akaitupa picha ya faragha ya rafiki yangu kwenye kundi la simu, shule nzima wakaiona. Sasa yeye rafiki yangu anazo sauti za huyo mvulana, alizomtumia akilia, akimbembeleza asimwache. Zikisikika, hatapita tena kwenye geti la shule. Mwalimu umesema ubaya mfano wake. Aibu kwa aibu. Si anaruhusiwa?"

Mama Irabu akafikiri, na hakuharakisha kufikiri, mkaguzi awepo asiwepo.

"Picha ile imefika wapi sasa?" aliuliza.

"Hakuna anayejua. Kila siku inatokea kwa mtu mwingine."

"Na hizo sauti zikitoka, zitafika wapi?"

Msichana akazidi kujikunja kitini.

"Wewe umepewa ruhusa ya kulipa kwa kipimo. Kitu kisicho na mwisho utakipima na nini? Ukimpiga mtu kofi unajua umempiga kofi. Ukiitupa ile sauti, ataolewa, samahani, ataoa, atazaa, na bado itakuwa inamtafuta. Hapo umeshavuka mstari na hujui umeuvuka wapi."

"Kwa hiyo asamehe?"

"Akiweza."

"Na wewe, mwalimu?" Msichana alisema hivyo bila ufidhuli, kama anayeomba maji. "Wewe ulimsamehe? Aliyekuacha kwa simu?"

Mtu akavuta pumzi kwa kelele. Yule wa miwani akafumba mdomo wake kwa mkono kana kwamba ni yeye aliyesema. Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

Jibu la kumwokoa lilikuwa jepesi, na lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo, nilimsamehe kwa ajili ya Mungu. Neno hilo lingempa Alhamisi nyingine, na pengine zote zilizobaki.

"Bado," alisema Mama Irabu. "Sijamsamehe."

"Hata kidogo?"

"Najaribu. Naamka alfajiri nasali, nasema leo nimesamehe, imekwisha. Nikimaliza kupiga mswaki imerudi yote." Wachache wakacheka kwa chini. "Ila sijamlipa. Namba yake ninayo, ya mkewe mpya ninayo, na siri zake zote ninazo. Sijamlipa. Hilo tu ndilo nililoweza, na msidhani ni dogo."

Ofisini mkuu aliwapa viti. Mkaguzi alikaa ukingoni mwa chake, karatasi magotini.

"Mama, nikuambie kweli?"

"Niambie. Nilikotoka nimesikia nyingine."

"Mada haikufundishwa. Walitakiwa wasikie mambo ya benki, ya mitandao, ya kuishi na watu wa dini nyingine, ya mwanamke na kazi. Mitandao imeingia kwa bahati tu. Halafu mwalimu wa dini amewaambia watoto hajasamehe."

"Ningewaambiaje?"

"Ungesema umesamehe. Au ungenyamaza, mama."

"Mwanangu, nikidanganya kwenye kipindi cha dini, kipindi cha kusema kweli ni kipi? Cha hesabu?"

Mkuu akakohoa, akashughulika na karatasi ambazo hazikuwa na shughuli. Mkaguzi akainamisha macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kuchosha. Mtu mbaya angalau angempa pa kushika.

"Siandiki kwa ubaya," mkaguzi alisema polepole. "Mwakani somo hili linaanza kutahiniwa. Watoto hawa watakaa na karatasi ya mtihani, na mtihani hauandikwi kwa herufi zako. Nani atawasomesha kujibu?"

Hapo Mama Irabu aliona kwamba hiyo ni haki. Maisha yake yote alikuwa akinyang'anywa vitu kwa dhuluma, na dhuluma alishaijua njia zake, angeweza kuilaani mpaka akalala. Hii ya kunyang'anywa kwa haki hakujua aiweke wapi. Kaptula walinunuliwa kaka zake, na bili imefika kwake sasa, na aliyeileta hana kosa.

"Anaweza kubaki kama msaidizi," mkuu alisema, akimwangalia mkaguzi. "Wizara ina kijana mwenye cheti wa Alhamisi ijayo. Akija, mama awe pale, awatulize watoto."

"Kuwanyamazisha," alisema Mama Irabu.

"Kuwatuliza."

"Nitafikiri, mkuu."

Wote watatu walijua kwamba ameshafikiri. Akaamka kwa kushika meza. Mkaguzi akasimama pia, akataka kusema kitu, akaishia kusema, "Nikuombee gari, mama?" Akamwambia hapana, asante, mguu utafika.

Nje, kwenye ngazi za jengo, yule msichana mrefu alikuwa amesimama akijifanya anafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

"Mwalimu, yule rafiki yangu..."

"Ni wewe."

"Ni mimi." Akakaa kwenye ngazi. Mama Irabu naye akakaa, kwa awamu, mkono kwanza, kisha nyonga. "Sikumaliza kuuliza. Alhamisi tutaendelea?"

"Alhamisi atakuja mwalimu mwingine. Kijana, ana cheti. Utamuuliza yeye."

"Nimuulize habari ya picha? Mwanamume nisiyemjua?" Msichana akatikisa kichwa. "Wamekufukuza kwa sababu yangu. Ningenyamaza usingejibu."

"Wameniondoa kwa sababu sikwenda shule. Usijipe ukubwa."

Msichana akacheka bila kutaka, kisha macho yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa sare. Kwapani mshono ulikuwa umefumuka mpaka ubavuni.

"Zile sauti bado ninazo," alisema. "Kila nikilala nazitazama. Kidole kinakwenda chenyewe."

"Vyangu pia vinakwenda."

"Inaisha lini, mwalimu?"

Mama Irabu alitaka kumpa kitu. Alitafuta kwenye yote aliyoyahifadhi, na palikuwa na mengi mazuri, na yote yangefaa kwa mtu ambaye hajachoka.

"Sijui," alisema. "Yangu haijaisha. Inachosha, hiyo nakwambia mapema. Ikiisha nitakupa habari."

"Nitakupata wapi?"

"Nyuma ya kituo cha mafuta, utasikia cherehani. Niletee hilo shati nikuzibie kwapa, usitembee shule nzima wanakuona mbavu." Akaona alivyolisema neno hilo la kuonwa, akamshika bega. "Njoo tu. Tutazungumza nikishona."

"Alhamisi? Saa ile ile ya kipindi?"

Mama Irabu akayatazama madirisha ya maabara. Mtu alikuwa ameshafuta ubao.

"Baada ya kipindi," alisema. "Saa ya kipindi uwe darasani."